Masurufu ya Mgonjwa: Habari za Kuugua Ugenini Tangu Siku za Misafara



Ni desturi ya kijitabu hiki cha taarifa ya mwaka kwamba, baada ya hesabu za Mweka Hazina na majina ya wenzetu waliotutangulia mbele ya haki, huwekwa makala moja ya mambo ya kale, ili vijana wajue tulikotoka na wazee wapate la kusahihisha. Mwaka huu Kamati imetuagiza, sisi tunaoshika daftari la Chama, tuandike habari za watu waliopatwa na maradhi wakiwa mbali na kwao, jinsi walivyosaidiwa na jinsi walivyokosa msaada. Sababu ya agizo hili wengi mwaijua. Katika muda wa miezi minane wanachama wetu wawili waliugua katika nchi za watu, na habari zao tutazieleza mahali pake. Lakini tumeona afadhali kuanza mbali, kwa kuwa shida hii si mpya, na waliotutangulia waliifahamu pengine kuliko sisi.

Zamani za misafara, kabla ya reli, mizigo yote iliyotoka pwani kwenda bara ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Mzigo wa pagazi mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, yaani ratili 70, na posho yake ilikuwa nguo na ushanga wa kununulia chakula njiani. Pagazi alipougua, mzigo wake uligawanywa kwa wenziwe, naye akajikokota nyuma ya msafara kadiri alivyoweza. Aliposhindwa kabisa aliachwa katika kijiji kilicho karibu, na mkubwa wa msafara akimwachia mwenye kijiji nguo kidogo apate kumlisha mgonjwa. Akipona, atangoje msafara mwingine urudio pwani. Asipopona, jamaa zake watasikia habari baada ya mwaka, au wasisikie kabisa. Tazameni, basi: ule upande wa nguo aliokabidhiwa mwenye kijiji ndio uliokuwa dhamana yote ya mtu yule. Ulikatwa wakati mgonjwa amekwisha kuanguka, ukakatwa na mtu mwenye haraka ya kuendelea na safari, na hapakuwa na mtu wa kuuliza kama ulitosha.

Tena msifikiri kwamba taabu hiyo ilikuwa ya wapagazi peke yao. Daktari David Livingstone, ambaye hana haja ya kujulishwa kwa wasomaji wetu, alikuwa tabibu aliyesomea kazi hiyo, na nyuma yake walikuwako watu wakubwa wa London. Katika safari yake ya mwisho aliingia bara kutoka Mikindani mwaka 1866. Mwezi wa Januari 1867 watu wawili wa msafara wake walitoroka na mizigo, na katika mizigo hiyo lilikuwamo sanduku la dawa zake zote, pamoja na kwinini. Mwenyewe alifahamu mara moja kwamba hasara ile yaweza kumwua, na kweli tangu hapo afya yake haikutengemaa tena.

Miaka miwili baadaye, Machi 1869, alifika Ujiji amechukuliwa kwa machela, anaugua mapafu. Alikuwa amejipa moyo njia nzima kwa sababu shehena ilikuwa imetumwa kutoka Zanzibar imngoje hapo. Alipofika akakuta sehemu kubwa ya shehena imekwisha kuibwa, na dawa zimeachwa nyuma Unyanyembe, mwendo wa siku 13 kutoka Ujiji, na njia imezuiwa kwa vita. Jambo hili twawaomba wasomaji walishike, maana tutalirudia. Dawa zilikuwako. Fedha za kuzinunua zilikuwa zimetolewa, na waliozituma walikuwa watu wa nia njema. Lakini dawa zilikuwa Unyanyembe, na mgonjwa alikuwa Ujiji.

Mwisho wa mwaka 1871 Stanley alimfikia na dawa na chakula, na mzee yule akapata nguvu kidogo. Akafa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, kusini ya ziwa Bangweulu, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Hapo ndipo watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, walipofanya jambo ambalo hata leo kampuni za bima hulihesabu kuwa kazi ngumu na ya gharama kubwa: walimrudisha maiti kwao. Waliuzika moyo na matumbo chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo na magome, wakauchukua kwa miguu mpaka Bagamoyo, mwendo wa miezi tisa hivi. Walipofika Unyanyembe walikutana na Luteni Cameron, ambaye aliwashauri wamzike papo hapo. Walikataa. Walifika pwani Februari 1874, na tarehe 18 Aprili mwaka ule Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London, na kijana Jacob Wainwright, mmoja wa wale waliomchukua, alikuwa miongoni mwa walioandamana na jeneza. Mzee wetu mmoja wa tawi la Mombasa, tulipomsomea habari hii, alisema kwamba Chuma na Susi walifanya kama afanyavyo mtu wa kwetu, hawakukubali mtu wao alale ugenini. Nasi twasema ni kweli. Ila tukumbuke kwamba si kila msafiri ana watu 60 wa kumbeba.

Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika Kisumu, iliyoitwa Port Florence wakati huo, Desemba 1901. Kwa kazi hiyo waliletwa vibarua 31,983 kutoka Bara Hindi. Kila mtu hukumbuka simba wa Tsavo wa mwaka 1898, na Patterson aliandika kwamba simba wale waliua Wahindi 28 pamoja na Waafrika ambao hesabu yao haikuwekwa. Lakini vibarua wa Kihindi waliokufa kwa sababu zote mpaka reli kwisha walikuwa 2,493, na wengine 6,454 walirudishwa kwao kwa kuwa maradhi au majeraha yaliwaondolea uwezo wa kazi. Homa, kuhara na vidonda havikuandikiwa vitabu, wala havikutengenezewa filamu, ingawa viliua watu wengi mno kuliko simba.

Neno moja la hesabu hiyo lapasa kuangaliwa. Wale 6,454 walirudishwaje? Walirudishwa kwa sababu kila mmoja, kabla hajapanda chombo, alikuwa na mkataba: kazi miaka mitatu, mshahara wa rupia 15 kwa mwezi, chakula, matibabu, na nauli ya kurudi. Hatusemi mikataba ile ilikuwa ya ukarimu, wala kwamba ilitimizwa sawasawa siku zote. Twasema tu kwamba swali la nani atamrudisha mgonjwa lilijibiwa na kuandikwa kabla ya safari. Mwafrika aliyefanya kazi kandokando ya kibarua yule hakuwa na karatasi ya namna hiyo.

Huko Uingereza, ambako reli zilitangulia, watu walikuwa wamekwisha kupata wazo jingine. Mwaka 1849 kampuni moja ya London, Railway Passengers Assurance, ilianza kuuza bima dirishani pamoja na tikiti ya gari la moshi. Abiria wa daraja la tatu alilipa peni moja, wa daraja la pili peni mbili, wa daraja la kwanza peni tatu. Naye akifa katika ajali ya gari, watu wake walipata pauni 200, au 500, au 1,000, kwa kadiri ya daraja lake. Bwana James Batterson, Mmarekani wa mji wa Hartford, aliona jambo hilo alipokuwa safarini Uingereza, akarudi kwao akaanzisha kampuni kama hiyo mwaka 1864. Husimuliwa kwamba mtu wa kwanza kununua alikuwa jirani yake, mwenye benki, aliyelipa senti mbili ili awe na bima ya dola 1,000 tangu posta mpaka nyumbani kwake alikokwenda kula chakula cha mchana. Alifika salama, na senti mbili zake hazikurudi. Wapo watu kwetu ambao wakisikia hivyo husema, basi amepoteza. Maneno hayo tutayajibu baadaye.

Bima hizo za kwanza zilikuwa za ajali tu. Mtu aliyepatwa na homa ndani ya gari hakupata kitu. Ilichukua miaka mingi kabla ya bima ya safari kuingiza maradhi, hospitali, na gharama ya kumrudisha mgonjwa kwao.

Kwetu sisi, mafundisho makubwa yalitoka katika Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918. Vijana wa nchi hii walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, wakapelekwa kusini kupigana na Wadachi, ambapo wengi hawakuwa wamepata kuvuka hata mto wa wilaya yao. Waliokufa katika wapagazi wa nchi hii, kwa hesabu ya serikali, walikuwa zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi huona hesabu hiyo ni pungufu. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara, homa ya mapafu na malaria, tena kwa unga usioiva, kwa kuwa watu waliochoka hawakupata muda wala kuni za kuupika. Jina la kikosi chao twalitaja kila siku tunapokwenda Kariokor hapa Nairobi, au Kariakoo ya Dar es Salaam, na sanamu zao zimesimama katika barabara ya Kenyatta tangu mwaka 1928. Lakini mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao kamwe, kwa sababu majina hayakuandikwa vizuri na hapakuwa na mtu aliyejua mgonjwa fulani ametoka kijiji gani. Kwa mtu anayeshika daftari, habari hiyo huuma.

Vita vilipokwisha, na watu wakaanza kukaa mijini kwa kazi, ndipo vilipozaliwa vyama kama hiki chetu. Mwaka 1923 Kavirondo Taxpayers' Welfare Association ilisimama huko Nyanza pamoja na Archdeacon Owen, na katika miaka iliyofuata kila kabila na kila tarafa iliyokuwa na watu Nairobi, Mombasa au Nakuru ilikuwa na umoja wake. Wakati ule mtu wa mjini alihesabiwa kuwa mpita njia. Akiugua na kupoteza kazi, alipoteza na mahali pa kulala. Basi vyama vilifanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyeifanya. Mgonjwa alikatiwa tikiti ya daraja la tatu na kupewa mtu wa kumsindikiza mpaka stesheni ya kwao. Maiti alizikwa kwa heshima, au alipelekwa nyumbani. Watu wa siku hizi waonao magari ya matanga yakitoka Nairobi siku ya Ijumaa wasidhani kwamba desturi ile ilianguka kutoka mbinguni. Ilijengwa na makarani, wapishi, mafundi cherehani na askari waliotoa senti zao kila mwisho wa mwezi.

Twalisema hili kwa shukrani. Hata hivyo, lazima tuseme na upungufu wake. Mchango hupitishwa baada ya jambo kutukia, nao huenda kwa mwendo wa habari. Kama mgonjwa yuko Pumwani na wachangaji wako Pumwani, mwendo huo watosha. Mgonjwa akiwa ng'ambo ya mpaka, mambo ni mengine.

Katika miaka iliyofuata Vita vya Pili, umbali ulianza kupunguzwa na ndege. Mwaka 1957 mabwana watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha kazi ya madaktari warukao kwa ndege kutoka Nairobi kwenda katika hospitali za mbali, na kazi hiyo ndiyo leo yaitwa AMREF. Wako watu leo walipao ada ya mwaka kwa madaktari hao ili wakipatwa na hatari mahali pasipo na hospitali waje wachukuliwe kwa ndege. Ada hiyo ni ya ndege. Kitanda na dawa za hospitali vina malipo yake mbali, na wanachama wengine wameyachanganya mambo hayo mawili.

Serikali nayo ilifanya yake. Mwaka 1966 iliwekwa Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, na kwanza waliolipa ni wenye mshahara wa shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi, shilingi 20 kila mtu. Mwaka 1972 mlango ulifunguliwa kwa wasio na ajira waliotaka kujiunga kwa hiari yao. Tangu Oktoba 2024 kazi ya hazina hiyo imechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, kwa sheria ya mwaka 2023, na mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Mambo hayo mwayajua, kwa kuwa mwayaona katika hati za mishahara yenu, nasi hatutayakawilia. Lakini hazina za namna hiyo husimama juu ya hospitali zilizopatana nazo, na mwanachama asifikiri kwamba akivuka mpaka wa Busia au Namanga jina lake litafahamika katika kila hospitali kama lifahamikavyo hapa.

Nchi za Ulaya hazikumwachia msafiri hiari. Tangu tarehe 1 Juni 2004, mataifa yaliyo katika mapatano ya Schengen humtaka mwomba viza wa muda mfupi aonyeshe bima isiyopungua euro 30,000, ya matibabu ya haraka, ya hospitali, na ya kumrudisha kwao. Wengi wetu huinunua kama stempu, ili viza itoke, wasisome hata ukurasa mmoja. Uingereza haimo katika mapatano hayo na ina utaratibu wake: tangu Aprili 2015 aendaye kukaa zaidi ya miezi sita hulipa ada ya afya pamoja na viza; lakini mzazi aendaye wiki tatu kumwona mjukuu halipi ada hiyo, na akilazwa hospitalini aweza kudaiwa mara moja na nusu ya gharama ya matibabu yenyewe. Wazee wanaoalikwa na watoto wao huko wapime jambo hilo kabla ya kufunga mizigo.

Sasa twafika kwa wenzetu wawili. Majina hatuyataji, nao wametupa ruhusa ya kuandika.

Wa kwanza ni mwalimu mstaafu, mtu ambaye kila mmoja wetu amepata kumsikia akifungua mkutano kwa sala. Alipanda basi kwenda nchi ya jirani kwa mambo ya posa ya binti yake. Ijumaa usiku, baada ya kula na wakwe, mkono wake wa kuume ulikufa ganzi na maneno yakamchanganyikia kinywani. Wenyeji walimfikisha hospitali upesi, na daktari akasema ni kiharusi, na kwamba yafaa apigwe picha ya ubongo na kuhamishwa kwenda hospitali kubwa. Hospitali kubwa ikataka amana kwanza. Simu ilitufikia saa sita ya usiku. Tuseme kwa haki kwamba wanachama hawakulala. Kufikia Jumamosi adhuhuri fedha zote zilizohitajiwa zilikuwa mikononi mwetu, hata zaidi. Lakini benki zilikuwa zimefungwa, simu ya kutumia fedha ina kiasi isichoruhusu kupita, na hospitali ile haikukubali ahadi ya chama ambacho haikupata kukisikia. Wakwe waliuza walichoweza. Fedha zetu zilipokewa Jumatatu kabla ya adhuhuri.

Mwalimu yu hai, twashukuru, ingawa sasa husaini kwa mkono wa kushoto. Hatusemi kwamba siku zile mbili ndizo zilizomharibia mkono, kwa kuwa hilo ni la madaktari. Sisi tulikaa ofisini Jumapili nzima na bahasha ya fedha mezani, tusiwe na njia ya kuzifikisha. Ilikuwa Unyanyembe yetu.

Kwanza wengine walituuliza kama bima ya basi isingemlipia. Haingemlipia. Bima ambayo sheria humlazimisha mwenye gari kuwa nayo ni ya ajali ya gari hilo. Mtu aliyeshuka salama akaugua kitandani kwa wakwe hana dai lo lote kwake. Na ikumbukwe kwamba bima ya safari ya juma moja katika nchi za jirani kwa kawaida ni bei ndogo sana ikilinganishwa na ile ya Ulaya au Marekani. Kitu ambacho ingempa mwalimu si fedha nyingi kuliko tulizochanga. Ingempa nambari ya simu inayojibiwa usiku, na mtu wa kuiambia hospitali: mpokeeni, sisi tutalipa.

Wa pili ni mama mfanya biashara ya nguo, ambaye husafiri kwa ndege kuleta bidhaa. Yeye bima alikuwa nayo. Alizimia sokoni katika mji wa ng'ambo, akalazwa siku nne kwa ugonjwa wa kisukari, na kampuni ikakataa kulipa, kwa kuwa katika fomu, mahali palipoulizwa kama ana maradhi ya tangu zamani, palijibiwa hapana. Mama asema fomu ilijazwa na wakala, ambaye alimwambia kwamba hapana ndilo jibu la haraka na la bei nafuu. Sisi tumeisoma fomu hiyo. Sahihi ni ya mama, na swali limeandikwa kwa herufi ndogo mno, kwa Kiingereza cha mawakili. Maoni yetu ni kwamba wakala alifanya vibaya na kampuni haikujali, lakini hata hivyo deni limebaki kwa mama, naye bado analilipa.

Kwa hiyo hatuwashauri wanachama wanunue karatasi yo yote ile na kutulia. Msafiri aulize kwanza kama bima yaanza siku ya kuondoka na kwisha siku ya kurudi, si siku ya mkutano tu, na kama nchi zote atakazopita zimetajwa. Aseme maradhi yake yote, presha, kisukari, pumu, hata mimba, ijapokuwa bei itapanda, na asikubali mtu mwingine amjazie fomu asiyoisoma. Aulize nani atamrudisha akiwa hawezi kukaa, maana mgonjwa alalaye katika ndege ya abiria huchukua nafasi ya viti kadhaa na huhitaji muuguzi wa kufuatana naye, na nauli hiyo yaweza kuushinda mchango wa chama kizima. Aulize habari za kurudishwa maiti, ingawa swali hilo ni zito kulitamka. Na ile nambari ya simu asiiache ndani ya sanduku. Mmoja katika jamaa aliye nyumbani awe nayo, kwa kuwa kampuni nyingi hutaka ziarifiwe kabla ya gharama kubwa kuingiwa, zisipoarifiwa hupata sababu ya kusitasita.

Tumesikia pingamizi, nazo zastahili jibu la adabu. Mzee mmoja alisema katika Kamati kwamba kununua bima ya ugonjwa na kifo kabla ya safari ni kujiapiza. Twamheshimu. Lakini mama zetu walipotufungia masurufu tulipokwenda shule ya bweni, wakaweka na dawa ya tumbo kwenye kona ya sanduku, hakuna aliyesema wanatuapiza. Wenzetu Waislamu wa tawi la Mombasa wameuliza kama bima si kamari. Swali hilo ni la mashehe kulijibu, si la karani. Twawaarifu tu kwamba hapa Kenya mpango wa takafuli upo, ambao wachangaji hushirikiana hasara kwa taratibu za dini, na wapo walioridhika nao. Na kwa wale wasemao kwamba mtu akirudi salama fedha yake imepotea, kama zile senti mbili za mwenye benki wa Hartford, twawauliza kama huhesabu hivyo pia juu ya mchango waliotoa kwa misiba ya wengine, wao wenyewe wakiwa hawajafiwa.

Kamati imepatana juu ya mambo matatu, yatakayoletwa mbele ya Mkutano Mkuu kwa kura. La kwanza, itengwe sehemu ndogo ya hazina iwe ya kumkopesha mwanachama bei ya bima ya safari, naye airudishe kwa muda wa miezi mitatu bila faida. La pili, kila mwanachama aendaye nje ya nchi aache ofisini nakala ya bima yake, jina la jamaa wa kuarifiwa, na orodha ya dawa azitumiazo, ndani ya bahasha iliyofungwa, ambayo haitafunguliwa ila kwa dharura na itarudishwa kwake akirejea. La tatu, Katibu atafute kampuni zisizopungua tatu, alete masharti yao yakiwa yametafsiriwa kwa Kiswahili, ili wanachama walinganishe wenyewe. Na wakala ye yote asiruhusiwe kuuza bima katika mkutano wa Chama.

Bahasha zimekwisha kununuliwa, nazo zapatikana kwa karani siku za Jumanne na Alhamisi, baada ya saa kumi. Mwalimu wetu amekuwa wa kwanza kuijaza yake, kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa arusi ya binti yake itafanyika kule kule ng'ambo ya mpaka mwezi wa Desemba, naye amesema atakwenda.